Siku Tuliyomlilia Bauma kwa Mchezo

Wiki iliyopita hapa Mubi, huku Walikale, mfanyabiashara wa ng'ambo ya barabara alipokea maturubai mapya. Vijana wa lori waliyashusha, wakakata kamba, wakakunjua moja juani ili mteja alitazame. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu, napinda mikono ya gauni la ubatizo. Harufu ilinifikia kabla sijainua kichwa: plastiki mpya iliyopashwa moto na jua, harufu inayokaa kooni kama maji ya bidoni, yale madumu ya plastiki. Mguu wangu ukaacha kukanyaga. Sikuhuzunika. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu watu hutarajia tuhuzunike. Masikio yaliziba tu, kama yanavyoziba ukishuka mlima kwa pikipiki, na mteja wangu aliniita mara kadhaa kabla sijamjibu.

"Dada Sifa, uko unalala?"

"Hapana, Mama. Niko."

Wenzangu mliokulia milima ya Masisi katika miaka yetu ya vita mnaijua harufu hiyo. Mchana ndani ya kibanda cha turubai hewa inakuwa nzito kama uji, na asubuhi matone ya pumzi zenu wenyewe yanawadondokea usoni. Watoto wangu wakiniuliza nilikuwa nafanya nini nilipokuwa na umri wao, nawaambia nilikuwa nacheza. Wanadhani nawatania. Lakini ni kweli, tulicheza sana, na kuna mchezo mmoja ambao Mama hakupenda uzungumzwe. Sasa Mama amelala kwenye makaburi ya parokia na hawezi tena kuniambia ninyamaze.

Kwetu kulikuwa juu ya mlima, mahali ambapo ukungu ulichelewa kuondoka. Papa, baba yetu, alikuwa ameenda Walikale, kwenye mashimo ya madini msituni, na alirudi mara chache akiwa na mafuta ya mawese na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Nyumbani tulibaki mimi, Mama, mdogo wangu Bauma, na Koko. Ndivyo tulivyomwita bibi, mama mzazi wa Papa. Mimi nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele. Bauma alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika ukuta, na kila aliposimama alicheka hadi akaanguka. Kumbeba ilikuwa kazi yangu Mama alipokuwa shambani. Hata leo nikisimama muda mrefu nainama kidogo mbele, kama mtu mwenye mtoto mgongoni.

Jioni, maharagi yakiwa jikoni, Koko alicheza nasi kashe-kashe, ule mchezo wa kujificha na kutafutana. Sisemi kwamba alikaa akatutazama. Alicheza mwenyewe. Alijificha nyuma ya mlango, na miguu yake yenye nyufa ikaonekana chini, nasi tukapita na kurudi tukijifanya hatuioni. Sheria zilikuwa zake. Aliyejificha akitoa sauti, ameshindwa. Mchezo hauishi hadi Koko aseme umeisha. Alijua kutuchokoza tuseme: alipiga chafya ya uongo, aliita jina la mtu kwa huruma kana kwamba ameumia, na ukijibu tu, anakucheka hadi machozi yanamtoka.

Asubuhi moja milio ya bunduki ilianza upande wa pili wa bonde. Milio ya mbali tulikuwa tumeizoea. Watu wazima walisikiliza kidogo, wakaendelea kupalilia. Hii haikuwa ya mbali. Mama alimfunga Bauma mgongoni kwa kitenge chake cha kanisani, kile chenye maua ya manjano, na hilo lilinishangaza kwa sababu haikuwa siku ya misa. Bauma alikuwa anakohoa tangu siku zilizopita. Koko alichuchumaa mbele yangu akanishika kidevu.

"Sikia, Sifa. Leo tunacheza kashe-kashe na bantu bote ya mulima. Ule atasema wa kwanza, yee njo anashindwa. Umesikia?"

"Na Bauma?"

"Na Bauma anacheza."

"Itaisha saa ngapi?"

"Mimi njo nitasema imeisha. Mbele ya ile, hata neno."

Mama alikuwa anaangalia ukuta. Kisha tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukaingia kwenye migomba.

Njiani niliwakuta watu wote wa mlima, kama Koko alivyosema. Walikuwa wanapanda kuelekea kwenye msitu wa mianzi, mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna aliyesema neno. Nilivutiwa sana. Sikuwa nimewahi kuona kashe-kashe iliyochezwa vizuri namna ile. Mzee mmoja alikuwa amemfunga mbuzi wake mdomo kwa kamba ya mgomba. Mwanamke aliteleza kwenye tope, bidoni ikamwangukia mguuni, akauma mkono wake mwenyewe ili asilie. Nilifikiri: huyu atashinda.

Bauma ndiye aliyetuaibisha. Alilia, akakohoa, akalia tena, na watu wakageuka kumtazama Mama. Mama alimhamishia mbele akampa titi, akawa anatembea hivyo, akipapasa njia kwa vidole vya miguu. Mvua ilianza tukiwa ndani ya mianzi. Ile si mvua inayonyesha juu yako. Inashuka kwenye majani, inajikusanya, halafu inakumwagikia yote mara moja. Bauma alirudishwa mgongoni. Kikohozi kikawa kidogo. Halafu kikaisha.

Nilikuwa natembea nyuma ya Mama, na miguu ya Bauma ilikuwa usawa wa macho yangu. Ilining'inia, ikicheza kila Mama alipopiga hatua. Nilifurahi kwamba hatimaye ameelewa mchezo. Nikanyoosha mkono nikaminya wayo wake, kumpongeza. Ulikuwa baridi, lakini siku ile miguu yetu sote ilikuwa baridi.

Mbele kidogo Koko alisimama kumngoja Mama. Akaweka kiganja shingoni mwa Bauma, akakiacha pale. Hawakuangaliana. Koko alimwendea yule mzee wa mbuzi, akamwonyesha jembe alilokuwa amebeba, na mzee akampa bila kuuliza. Mimi niliwekwa chini ya mwanzi pamoja na sufuria letu. Walipotea nyuma ya mianzi, Mama na Koko. Watu waliendelea kupita mbele yangu. Niliangalia maji yakijaa ndani ya sufuria.

Waliporudi, mgongo wa Mama ulikuwa umenyooka na kitenge cha maua ya manjano hakikuwepo. Koko alimrudishia mzee jembe lake. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa udongo hadi kwenye viwiko, na mvua ikawa inauosha taratibu.

Sikuuliza. Kuuliza kungekuwa kushindwa. Na tena nilielewa, au nilidhani nimeelewa: walikuwa wamemficha. Walikuwa wamempatia mahali pazuri kuliko petu sote, na mchezo ukiisha angetoka huko anacheka, kama alivyocheka akiachia ukuta. Nilimwonea wivu kidogo.

Tulifika Lushebere, kwenye kambi ya waliokimbia vita, pamoja na watu wengine wengi. Tulipewa turubai, Koko akatafuta miti ya kibanda, akajenga pamoja na jirani. Koko alisema na kila mtu. Alipanga foleni, alibishana, aliuliza habari za mlima. Lakini lile neno moja hakulisema. Ninavyoona sasa, alikuwa amelisahau. Alilisema asubuhi ile ili kuninyamazisha, kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa, na mengi yalikuwa yamepita juu yake tangu hapo. Mimi sikuwa nimelisahau. Nilikaa kimya nikingoja.

Na Mama pia alikuwa kimya. Alikaa mlangoni mwa kibanda, mikono imelala mapajani, kiganja juu. Akipewa chakula anakula. Akiambiwa alale analala. Blauzi yake ilikuwa inalowa mbele, mabaka mawili ya mviringo, na mimi nilifikiri anajimwagia maji anapokunywa. Nilimletea kikombe kingine, chenye mdomo mzuri zaidi. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, wala hakusema kitu, nami nikamheshimu sana. Nilijua kwamba tumebaki wawili tu katika mchezo.

Majirani walianza kuuliza.

"Mama Sifa alipatwa na nini?"

"Aliacha mutoto mu njia," Koko alijibu kwa sauti ya chini.

"Na huyu mukubwa? Iko bubu?"

"Hapana. Alikuwa anasema kupita redio."

Koko alinipakata, akanibembeleza. "Sema hata kidogo, mutoto wangu. Sema Koko." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mimi nilikaza midomo. Nilikuwa nazijua hila zake za kashe-kashe.

Nyuma ya vibanda, kabla ya mashamba ya watu wa pale, palikuwa na kiwanja kidogo chenye mteremko. Huko ndiko watoto walikokuwa. Kiongozi alikuwa Chantal, msichana mrefu mwenye kovu la moto mkononi, ambaye mama yake aliuza ndizi karibu na barabara. Chantal hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa tu anajua kugawa. Alinyoosha kidole na kusema weye uko huyu, weye uko yule, na ukawa huyo hadi jioni.

Tulicheza tulichokiona. Tulicheza barrière: kamba ya mgomba iliyokingama njia, askari wa vijiti, na wapita njia wanaobembeleza. Tulicheza kugawa unga, ambapo mtu mmoja anasimama juu ya jiwe na wengine wanasukumana kwenye foleni hadi wanaumizana kweli. Tulicheza hospitali, na kila mgonjwa aliambiwa arudi kesho. Lakini zaidi tulicheza kilio, kwa sababu kambini kilio hakikukosekana, na kwa sababu kila mtu alipata kazi. Kulikuwa na wenye kuimba, wenye kuchimba, wenye kuwasha moto wa wanaume, wanawake wa kushika kichwa. Eliya, mtoto wa katekista, alivaa taulo shingoni akasoma kwenye kiganja chake kitupu kama kwenye kitabu.

Mimi, kwa kuwa sikusema, Chantal alinipa kuwa maiti.

"Huyu iko muzuri," alisema. "Hachekake."

Nililala chini, wakanifunika. Nilisikiliza. Walinililia kwa majina mbalimbali, siku nyingine mzee, siku nyingine mwanamke aliyekufa uzazini. Chini ya kitenge mwanga ulikuwa mwekundu na nyasi zilinichoma shingo. Sikuogopa na sikufurahi. Palikuwa mahali pa kulala.

Watu wazima hawakuupenda mchezo ule. Wakitukuta walituchapa kwa fimbo, wakisema tunaita kifo. Koko alisema vivyo hivyo. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo baadaye, hasa tangu nilipokuja kuishi huku Walikale. Huku kuna familia ambazo bado zinapeleka wavulana wao msituni kufundishwa mambo ya kiume, na nimeambiwa kwamba siku wanapoondoka mama zao wanawalilia kama wafu, kwa sauti kamili, ingawa kila mtu anajua kwamba kijana yuko hai nyuma ya miti na atarudi na jina jipya. Hakuna anayemchapa mama yule kwa fimbo. Nadhani wakubwa nao wanacheza, ila wamekubaliana kuuita mchezo wao kwa jina zito. Sisi ilisemekana tunacheza kwa sababu hatujui. Kumbe yapo tuliyoyajua, na hatukuwa na mahali pengine pa kuyaweka.

Siku ninayoisimulia, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kiwanja kilikuwa tope. Chantal alinitazama, akatazama gauni langu, la pekee nililokuwa nalo.

"Leo usilale chini. Tutatafuta maiti ingine."

Nikawa sina kazi. Karibu na shamba kulikuwa na kipande cha mgomba kilichokatwa, kinene chini, chembamba juu, na kizito kwa maji. Sijui ni kwa nini nilikiokota. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikakifungia mgongoni kipande kile, nikainama mbele, nikakiweka sawa kama nilivyomweka Bauma. Uzito wake ulikuwa kama wake. Maji yake yalipenya gauni yakanifikia mgongoni, hata hilo lilikuwa kama Bauma. Nikaanza kutembea, nikirukaruka kidogo, namna ya kumlaza mtoto.

Chantal alinijia kwa nyuma.

"Ule mutoto anakohoa," alisema. Ndivyo alivyoanza siku zote: maiti haikupatikana tu, iliugua kwanza. "Eh, anakohoa sana. Sasa amenyamaza." Akaweka mkono kwenye mgomba, akauacha pale. "Amekufa. Utupatie yee."

Nikatikisa kichwa.

"Utupatie, tuzike."

Nikashika mafundo ya kitambaa kwa mikono yote miwili. Watoto walikuwa wamekusanyika. Eliya alikwisha vaa taulo lake. Chantal hakunilazimisha, alisimama mbele yangu, akaniuliza kwa ile sauti ya pole ya wanawake wakubwa wanapoingia nyumba ya msiba.

"Jina yake nani?"

"Bauma," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Sauti yangu ilikuwa kavu, kama ya mtu mwingine. Watoto walishangaa kwamba nasema, lakini mimi sikuwaangalia wao. Niliangalia kwenye mashamba, kwenye njia, nyuma ya vibanda. Kati ya sisi wawili tuliobaki, mimi na Mama, nilikuwa nimesema wa kwanza. Nilikuwa nimeshindwa, kwa hiyo mchezo ulikuwa umeisha, hata bila neno la Koko, na aliyefichwa angetoka.

Hakutoka. Mbwa mmoja alipita. Mwanamke alikuwa anamwaga maji ya sufuria. Nilingoja kidogo zaidi, na nikiwa nangoja, mikono yangu iliachia mafundo, na Chantal akaupokea ule mgomba kabla haujaanguka.

Basi walianza. Walichimba kwa vijiti pembeni mwa kiwanja, penye udongo laini. Wasichana wakashika vichwa. "Bauma weee! Bauma, unatuacha na nani!" Walilia vizuri. Sauti zao zilipita juu ya vibanda, na jina likapita pamoja nazo, jina ambalo halikuwa limetamkwa na mtu yeyote tangu kwenye mianzi.

Mama alitokea katikati ya vibanda. Alikuwa anatembea kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Watoto wakanyamaza, wengine wakakimbia, wakijua fimbo inakuja. Chantal alibaki amepiga magoti na mgomba mapajani. Mama alifika, akasimama juu yake, akatazama. Kisha akapiga magoti naye, akauchukua ule mgomba, akafungua kitambaa.

"Siyo vile," Mama alisema. "Kwanza miguu. Kichwa njo inafunikwa ya mwisho."

Alifunika polepole, akionyesha, kama anayemfundisha msichana kufunga unga. Miguu, tumbo, mikono ambayo haikuwepo. Alipofika juu alisimama. Vidole vyake vilishika pindo la kitambaa, havikuweza kulishusha. Ndipo sauti ilipomtoka. Sikuwa nimewahi kuisikia, na sijaisikia tena, hata siku alipozikwa Papa. Wanawake waliacha moto wao wakaja wanakimbia, wakidhani kuna mtu amekufa sasa hivi. Walipoona ni nini, hakuna aliyecheka. Mmoja alitandika mkeka kwenye tope. Mwingine aliketi nyuma ya Mama, akamwegemeza kifuani. Koko alikuja na fimbo mkononi. Nilimwona akiidondosha, akafungua kilemba chake, akakaa chini kichwa wazi.

Wanawake waliimba nyimbo zenyewe, kwa maneno yote ambayo sisi tulikuwa tunayaruka. Katekista, baba yake Eliya, aliitwa kutoka kwenye foleni ya maji. Wakubwa walituchukulia mchezo wetu, nasi tukasogea pembeni tukautazama. Mimi nilikaa karibu na Chantal. Nilikuwa nimeelewa kwamba Bauma hakuwa amefichwa, au alikuwa amefichwa kwa namna isiyo na kutoka. Mtu angetegemea nilie. Nilikuwa natazama sisimizi waliokuwa wanahama kutoka kwenye udongo uliochimbwa, kila mmoja amebeba yai jeupe, na nilifuatilia mstari wao hadi ulipoingia chini ya jiwe.

Baada ya siku ile Mama alisema. Si sana, lakini alisema: lete kuni, nawa uso, usikae kwenye baridi. Mimi pia nilisema. Koko hakuniuliza kwa nini nilinyamaza muda wote ule, nami sikumwambia hadi nilipokuwa mwanamke mwenye watoto. Nilipomwambia alisema, "Nilisahau, mutoto wangu. Nilisahau kabisa," akaenda kuchochea moto.

Kile kifusi cha udongo pembeni mwa kiwanja, tulipouzika mgomba, kilibaki. Mtu aliweka mawe kukizunguka. Watoto hawakukikanyaga, na mwenye shamba alipolima alikizunguka kwa jembe bila kuuliza. Kaburi lenyewe lilikuwa kwenye mianzi, mahali ambapo hata Koko asingeweza kupaona tena, na huko juu kulikuwa na watu wenye silaha. Kwa hiyo Mama alikwenda kwenye hili. Alikwenda asubuhi, akang'oa majani, akarudi kupika.

Papa alifika msimu wa mvua ulipokuwa unaisha. Habari za mlima wetu zilikuwa zimemkuta mbali msituni, na barabara ilikuwa imefungwa. Alitembea sehemu kubwa ya njia. Alikuja na bidoni ya mawese kichwani, amekonda, ndevu zimeota. Alimsalimia Koko kwa mikono miwili. Alinishika kichwa. Alitua bidoni chini, akaanza kufungua kamba ya mzigo wake, na bila kuinua uso akauliza kama mtu anayeuliza jambo dogo:

"Na mudogo? Analala?"

Koko alitoka nje ya kibanda. Mama alisimama.

"Kuja," alisema.

Tulikwenda watatu, mimi nyuma. Ilikuwa alasiri, watoto walikuwa kiwanjani na barrière yao. Mama alimfikisha Papa kwenye mawe, akasimama kando. Papa alitazama udongo ule mdogo. Alivua kofia. Alikaa hivyo, na midomo yake ikawa inasogea bila sauti.

"Yee mwenyewe haiko humu," Mama alisema. "Sitakudanganya. Alikufa mu njia, na baridi. Mama yako njo alimuzika, kule mu mianzi. Ile fasi hatuwezi kuiona tena."

Papa alimgeukia. "Sasa humu iko nini?"

"Iko kipande ya mugomba."

"Mugomba?"

"Batoto balicheza kilio. Balimulilia na jina yake. Njo na mimi nikalia."

Nilijua Papa atakasirika. Mtu ametembea njia yote ile, anaonyeshwa kaburi la mgomba. Nilirudi nyuma kidogo. Papa alitazama tena ule udongo, halafu akawatazama watoto, ambao walikuwa wameacha kamba yao na kusimama kimya, tayari kukimbia.

"Nani alikuwa anaongoza?" aliuliza.

Hatimaye Chantal alisogea mbele, mkono wenye kovu ameuficha nyuma. Eliya alimfuata, kwa sababu Chantal alimvuta.

"Tusamehe, Papa," Chantal alisema. "Hatutarudilia."

"Hapana," Papa alisema. Alikuwa ameikunja kofia yake hadi imekuwa kama kamba. "Murudilie. Muanze tena, tangu mwanzo. Ile siku mimi sikukuwako."

Watoto walitazamana. Walimtazama Mama. Eliya alifungua taulo lililokuwa kiunoni mwake, akalivaa shingoni. Wengine wakaja mmoja mmoja, wakasimama mahali pao, wale wa kuimba upande huu, wale wa kushika kichwa upande ule. Chantal aliwapanga kwa kidole kama kawaida yake, bila haraka. Alipomaliza alibaki Papa peke yake, amesimama katikati, mtu mrefu kati ya watoto, na Chantal akainua uso kumtazama.

"Na weye, Papa, utakuwa nani?"

"Mimi niko baba yake," Papa akasema.

Chantal alifikiri kidogo, kisha akamwonyesha mahali pa kukaa.